Simu mbovu na laptopu ya zamani: umpe ndugu, fundi, mchakataji au mtu wa mizani?

Karibu kila nyumba ina droo ile. Unaivuta ukitafuta betri za rimoti, unakutana na kitochi kisicho na mfuniko, simu janja yenye kioo kilichopasuka, chaja tatu zisizojulikana ni za nini, na tableti iliyonunuliwa kwa masomo ya mtoto ambaye leo yuko chuo. Hakuna anayevitumia. Hakuna anayethubutu kuvitupa pia, maana vilinunuliwa kwa hela. Ya kwangu ilinilazimisha kuamua siku betri ya simu moja ilipovimba hadi ikainua kioo, kama mfuniko wa sufuria ya ugali.

Nilipoanza kuulizia, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama alisema wapelekewe watoto kijijini. Jirani akasema nimuuzie fundi. Kijana wa ofisini akasema lazima zipelekwe kwa wachakataji wa taka za kielektroniki. Na yule anayepita mtaani na mkokoteni na mizani alikuwa tayari kubeba vyote asubuhi hiyohiyo. Wote wanne walikuwa na hoja, na kila mmoja alikuwa anafikiria kifaa tofauti na mwenzake.

Tuanze na vipimo

Nimezilinganisha njia hizi nne kwa mambo manne.

La kwanza ni mazingira, na hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali moja ni je, njia hii inaepusha kifaa kipya kutengenezwa? Simu inafanya sehemu kubwa ya uharibifu wake kabla hujafungua boksi: madini ya kobalti yanachimbwa Kolwezi, ya koltani yanatoka Rubaya huko Masisi, kote ni Kongo, kisha vinasafirishwa, vinayeyushwa, vinaunganishwa viwandani. Kila mwaka unaoiongezea simu ya zamani ni mwaka ambao mzunguko huo unasubiri. Swali la pili ni kwamba kifaa kikishakufa kabisa, sumu yake inaishia wapi? Risasi kwenye lehemu za mashine za zamani, betri za lithiamu, plastiki zilizotiwa dawa za kuzuia moto. Njia inaweza kufaulu swali la kwanza na kufeli la pili.

La pili ni pesa: inaingia, inatoka, au hakuna. La tatu ni siri zako, yaani picha, meseji, programu za benki. La nne ni usumbufu, kwa sababu njia nzuri iliyo umbali wa kilomita 600 si njia kwa mtu wa kawaida.

Njia ya kwanza: kumrithisha ndugu

Kimazingira hakuna kinachoishinda njia hii, kwa sharti moja: huyo ndugu awe atakitumia kweli. Sharti hilo tunaliruka mara nyingi. Tunampelekea shangazi simu iliyotushinda sisi, tukijiambia tumemsaidia, kumbe tumehamisha droo kutoka mjini kwenda kijijini, mahali ambapo hakuna fundi wala mchakataji.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0, na tangu Mei 2025 haifanyi kazi kwenye iPhone isiyofika iOS 15.1. Kwa watu wengi simu bila WhatsApp ni tochi tu. Kwa laptopu, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizo imara kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Hizo hazijafa. Kijana anayejua kompyuta ataiwekea Linux, mfumo mbadala wa Windows, bila gharama ya programu, na itamtosha mwanafunzi kuandika kazi zake na kuingia mtandaoni. Nimeona laptopu ya mwaka 2013 ikifanya hivyo bila kulalamika, ingawa feni yake inaimba.

Pesa haiingii. Pengine itatoka kidogo, kwa betri mpya au chaja. Toa. Simu isiyomaliza saa tatu bila chaji haina miezi mingi ya kuishi mikononi mwa mtu asiye na umeme wa uhakika.

Upande wa siri, unampa mtu unayemfahamu, kwa hiyo hatari ni ndogo, lakini kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia. Nilimtumia mpwa wangu aliyeko Morogoro simu ya Android, nikaifuta kila kitu kwanza kwa uangalifu. Nilichosahau ni kuiondoa akaunti yangu ya Google kabla ya kufuta. Simu ilipowashwa kule ikadai akaunti ya mwenyewe wa mwanzo. Ulinzi ule wa kuwakomoa wezi ukamkomoa mtoto wa dada yangu. Nenosiri nilikuwa nimelisahau. Ilikaa wiki tatu ikiwa kipande cha kioo tu. iPhone nazo zina kufuli la namna hiyo. Ondoa akaunti kwanza, futa baadaye, kisha iwashe mbele yako uone kama inakukaribisha kama mgeni.

Inafaa kwa kifaa kinachowaka na kupokea programu za sasa, na kwa mwenye mtu mahususi wa kumpa, si "mtu yeyote atakayeihitaji".

Njia ya pili: kumuuzia fundi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia tunayoitumia wengi na ndiyo inayozungumzwa vibaya na wanaoandika kuhusu mazingira.

Nenda Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, au Luthuli Avenue pale Nairobi, utazame meza ya fundi simu. Ile simu unayoiita mbovu, yeye anaiona kama duka la spea: kioo kizima, kamera, sistimu ya chaji, spika, vitufe, mfuniko wa nyuma. Simu yako iliyokufa bodi, yaani ule ubao wa ndani wenye saketi, inaweza kufufua mbili za watu wengine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa rasmi. Kwa Afrika haikufika hata asilimia moja. Ukisikia hivyo unaweza kudhani huku kwetu kila kitu kinatupwa. Hesabu hiyo haimwoni fundi. Simu aliyoirudisha kazini mara tatu haikuwahi kuingia kwenye orodha ya taka.

Lakini kuna swali la pili la mazingira, na hapa fundi hafaulu sana. Akishatoa kioo na kamera, mabaki yanaenda wapi? Wapo wanaotunza bodi kwa kuwa kuna wanunuzi wanaozipitia na kuzikusanya. Betri hazina mnunuzi wa namna hiyo, na ndoo iliyo chini ya meza mara nyingi humwagwa pamoja na maganda ya ndizi. Muulize tu. Fundi anayekuonyesha boksi la betri chakavu alizozitenga ni wa kumrudia.

Kuhusu pesa, usiongozwe na bei uliyonunulia. Anachotazama fundi ni kama watu wengi mtaani wanayo simu ya aina hiyo. Tecno, Infinix au Samsung za bei ya kati zilizojaa kwenye daladala zina soko la spea. Simu ya gharama kubwa uliyoletewa kutoka ng'ambo, ambayo wewe peke yako unayo wilaya nzima, inaweza isipate hata wa kuiulizia. Na bei inashuka kadiri unavyongoja. Simu iliyokaa droo miaka mitano, wenzake wote wameshakufa, hakuna tena anayetafuta kioo chake. Zunguka kwa mafundi wawili watatu kabla ya kukubali.

Kwenye siri, njia hii ni dhaifu sana. Simu isiyowaka huwezi kuifuta, na kutokuwaka si kufa: fundi akibadilisha betri au njia ya chaji, picha zako zote zinaamka. Simu za miaka ya karibuni husimba data fiche, kwa hiyo bila nywila yako si rahisi mtu kuzisoma, lakini za zamani haziko hivyo. Kama haiwaki, chomoa laini na memori kadi, kisha kwa kutumia simu nyingine ingia kwenye akaunti zako, iondoe simu ile kwenye orodha ya vifaa na ubadilishe manenosiri. Kama ndani kuna kitu ambacho kikitoka nje kitakuvunjia ndoa au kazi, usiiuze. Kwa laptopu mambo ni mepesi: zile za zamani zina hard diski, ile inayotunza mafaili yako, inayotoka kwa skrubu chache. Itoe ubaki nayo, uza mwili.

Jambo jingine ni karatasi. Andikianeni, hata kwenye ukurasa wa daftari: namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe (bonyeza *#06# kuipata), tarehe, majina, sahihi. Fundi mwaminifu naye anaitaka, kwa kuwa hataki kukutwa na simu ya wizi. Wakati TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozifungia simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, watu wengi Tanzania walijifunza kwa ghafla kwamba namba ile ina maana. Kwa simu zilizozimwa siku ile, kazi iliyobaki ilikuwa kutoa spea.

Usumbufu ni mdogo. Fundi yuko kila kona, na wilayani pia yupo.

Inafaa kwa simu ya aina iliyoenea, yenye angalau kitu kimoja kizima, ambayo unaweza kuifuta kwanza. Na kwa anayehitaji hela leo.

Njia ya tatu: wachakataji wenye kibali

Hii ndiyo njia ambayo jina lake huwa "kurejeleza", na watu huifikiria kama tanuri ambalo upande mmoja inaingia simu na upande wa pili inatoka dhahabu. Kazi yenyewe ni ya bisibisi zaidi. Vifaa vinapimwa na kuandikwa, vinavyoweza kufufuka vinatengwa, vingine vinafunguliwa kwa mikono: chuma huku, alumini kule, plastiki, nyaya, betri peke yake, vioo vya televisheni na monita za kichogo peke yake kwa sababu vina kilo kadha za risasi ndani. Bodi ndizo zenye madini ya thamani, na hizo kwa kawaida husafirishwa kwenda viyeyushio vikubwa ng'ambo, kama kile cha kampuni ya Umicore kilichopo Hoboken, Ubelgiji.

Nairobi kuna WEEE Centre, iliyopo Utawala, iliyoanza mwaka 2012. Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve wilayani Bugesera. Tanzania ina kanuni mahsusi za taka za kielektroniki tangu 2021, na anayekusanya au kuchakata anatakiwa awe na kibali. Kabla hujampa mtu mzigo, mwombe akuonyeshe, au ulizia ofisi ya NEMC, baraza la mazingira la taifa, ya kanda yako. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imewawekea watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya mteja kumalizana nazo.

Kimazingira, kwa kifaa kilichokufa kabisa hakuna njia safi kuliko hii. Betri haiishii dampo la Pugu wala Dandora. Lakini haiokoi kila kitu. Kwenye tanuri la kuyeyushia bodi, shaba, dhahabu na fedha hupatikana. Tantalamu, ile inayotokana na koltani ya Rubaya, kwa kawaida hupotelea kwenye mabaki ya tanuri. Ndiyo maana kumpelekea mchakataji simu inayowaka ni sawa na kuchinja ng'ombe anayetoa maziwa.

Pesa usiitegemee. Watu husikia "kuna dhahabu kwenye simu" wakaota ndoto. Wajapani walipotengeneza medali za Olimpiki ya Tokyo kutokana na vifaa vya zamani, walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo, simu milioni 6.21 zikiwemo. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32. Gawanya mwenyewe uone fungu la simu yako. Baadhi ya wachakataji hununua vifaa kama mzigo ni mkubwa, na kwa vitu vyenye sumu kama monita za kichogo unaweza kutakiwa wewe ulipie.

Siri ziko salama zaidi hapa, hasa kwa ofisi, kwa kuwa unaweza kuomba hard diski zisagwe na upewe cheti cha uharibifu. Mtu mwenye simu moja hatapewa uzito huo, kwa hiyo afute mwenyewe kabla ya kupeleka.

Usumbufu ndio unaoiua njia hii. Ukiwa Nairobi au Kigali, sawa. Ukiwa Sumbawanga au Lamu, nauli inazidi thamani ya mzigo. Kinachosaidia ni kukusanya kwa pamoja: shule, kwaya, msikiti, ofisi ya kata, kisha mzigo mmoja usafiri. Kenya, baadhi ya maduka ya Safaricom yamekuwa yakipokea vifaa hivi, ulizia lililo karibu nawe.

Inafaa kwa kilichokufa na kukataliwa na fundi, kwa betri zote, kwa monita za kichogo, na kwa taasisi yenye stoo iliyojaa kompyuta.

Njia ya nne: mtu wa mizani

Mnunuzi wa vyuma chakavu anasemwa sana, lakini ndiye pekee anayekufuata mlangoni, anapima hapohapo na kulipa hapohapo. Pasi, feni, boksi la chuma la kompyuta ya mezani, transfoma yenye shaba: hivyo kwake viko mahali pake na vitayeyushwa kweli kuwa nondo au kitu kingine.

Tatizo ni vitu ambavyo mizani haivioni. Yeye analipia chuma, alumini na shaba. Plastiki, kioo na betri kwake ni uchafu wa kuondoa. Njia rahisi ya kuitoa shaba kwenye waya ni kuichoma, na plastiki ya nyaya ikiungua inatoa dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kuingia kwenye chakula, kuanzia kuku wanaodonoa pale pale. Anayevuta moshi ule wa kwanza ni kijana mwenyewe aliyebeba mkokoteni.

Pesa ipo, ndogo, kwa kilo. Siri hazina ulinzi wowote. Usimpe chochote chenye kumbukumbu ndani. Usumbufu sifuri.

Inafaa kwa vyuma vizito ambavyo umeshavitoa bodi, betri na nyaya.

Uamuzi kwa hali yako

Kifaa kinawaka na kina miaka ya kuishi: ndugu kwanza, au uuze kizima kabla hakijapitwa. Fanya mwezi huu. Kila nikitazama droo yangu naona vitu ambavyo vingemfaa mtu miaka minne iliyopita, na sasa havimfai hata fundi.

Kinawaka kwa shida, kioo kimepasuka, au tatizo ni chaji: muulize fundi gharama ya kukitengeneza kabla ya kuuliza bei ya kukiuza. Mara nyingine utarudi nacho nyumbani kikiwa kizima, na hiyo ni bora kuliko zote nne.

Hakiwaki, na kina siri nzito: kama ni laptopu, toa diski, kilichobaki ni cha fundi. Kama ni simu, mpelekee mchakataji na uombe iharibiwe, hata kama utasubiri miezi mpaka upate safari ya mjini.

Unaishi mbali na mji mkubwa: chagua boksi moja kavu la mtaa mzima, mmoja awe mtunzaji. Linapojaa ndipo mtafute usafiri. Mtu mwenye lori linalorudi tupu Dar au Mombasa hatakataa boksi moja.

Wewe ni mwalimu mkuu au meneja mwenye kompyuta arobaini stoo: usiwape wafanyakazi wagawane bila kufuta diski. Tenga zinazofufuka ziende kwa wanafunzi, zilizobaki ziende kwa mwenye kibali na udai cheti.

Na kama betri imevimba, hilo halisubiri kulinganisha njia. Usiichaji, usiitoboe kutoa hewa, usiibonyeze irudi, usiitupe jalalani wala motoni. Kama inatoka bila kulazimisha, itoe; kama imegandishwa ndani, iache na simu yake. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mfuniko usikazwe, mahali penye kivuli mbali na vitu vinavyoshika moto na mbali na watoto. Ya kwangu iko kwenye kopo la maziwa ya unga pembeni ya baraza. Jirani mwenye duka la vifaa vya umeme ana boksi lake la betri analotarajia kulipeleka mwisho wa mwezi, na tumekubaliana kopo langu litapanda gari hilohilo.